Anza na kidirisha, lenzi baadaye

Wengi wanaonunua kamera ndogo za renjifainda (zinazolengwa kwa kidirisha kilicho kando na lenzi) za miaka ya 1970 wanatafuta rangi zilizopoa na mwanga unaomwagika pembeni mwa picha. Mimi nazipenda kwa ajili ya kidirisha cha kuonea.

Kwenye Canonet QL17 GIII ya mwaka 1972, au Leica CL iliyofuata mwaka mmoja baadaye, hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwenye dirisha lake lenyewe, kila kitu kikiwa wazi, cha karibu na cha mbali, na mistari inakuonyesha picha itaishia wapi. Nje ya mistari bado unaona! Mtoto anayekuja mbio unamwona kabla hajaingia kwenye picha, unamsubiri. Shata, pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu, inapofunguka hakuna kioo kinachoinuka kukuziba jicho, kwa hiyo unauona uso wake papo hapo unapompiga picha.

Kulenga ni kuzungusha pete mpaka taswira mbili katikati ya kidirisha ziwe moja. Mchana hata hilo naliacha: lenzi ya milimita 40 ikiwa f/8 (tundu lake likiwa limebanwa kiasi) na imewekwa mita 3, kila kilicho kati ya mita 2 na 5 kinatoka vizuri. Kwa vitu vya karibu sana, chini ya sentimita 80, tafuta kamera nyingine.

Lenzi kuukuu nazo nazitetea, ila kwa kiasi. Zile za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zisizopakwa utando wa kuzuia mng'ao, hulainisha tofauti ya weusi na weupe, na chini ya jua kali hilo hunifaa. Lakini kuvu ndani ya lenzi ni uharibifu, na muuzaji anayeuita "haiba" simwamini.

Betri zisikutishe. Canonet ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ya alkalini ya volti 1.5 hupotosha kipimo cha mwanga. Zile za vifaa vya kusaidia kusikia, za karibu volti 1.4, zinafaa zaidi. Hata bila betri shata inafanya kazi, mradi upange mwanga mwenyewe.

Ukienda kununua, elekeza kamera kwenye mnara wa mbali na uzungushe pete mpaka mwisho. Taswira mbili zisipokutana, omba bei ishuke kwa gharama ya fundi, au iache.