Nellie Spindler ana jiwe, dresa wetu hana

Watu wa Tanga tulioko Ulaya tukikutana hatuishi kulinganisha mishahara, barabara na hospitali. Linaloniuma mimi ni jingine: namna huku wanavyomtunza mtu aliyekufa akihudumia majeruhi, na namna madresa wetu, yaani wafunga vidonda wa Kiafrika, na wenzao walivyonyimwa hilo.

Mtazame Nellie Spindler, binti wa Wakefield, Uingereza. Alisomea uuguzi Leeds, akajiunga kwa hiari na kikosi cha akiba cha wauguzi wa jeshi. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alikuwa Brandhoek, Ubelgiji, katika kituo namba 44, kilichopokea majeruhi wa tumbo, kifua na paja. Kituo kiliwekwa karibu na mapigano makusudi, maana aliyetobolewa utumbo akicheleweshwa saa chache, kisu cha daktari hakimfai tena. Ukaribu huo ndio uliomuua. Tarehe 21 Agosti kombora liliangukia kambi, na hazikupita dakika nyingi akakata roho. Alikuwa na miaka 26.

Kazi ya wauguzi katika vita vile ilikuwa nzito. Mashamba ya huko yalijaa samadi, kwa hiyo kidonda kikiingia udongo kilioza upesi na nyama ikajaa gesi. Daktari alikata nyama yote iliyokufa, akakiacha kidonda wazi na kuingiza mipira myembamba yenye matundu. Hapo ikaanza zamu ya muuguzi: kupitisha dawa ya Dakin, klorini ya asilimia 0.5 hivi, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mgonjwa mmoja, mara 12 kwa siku! Dawa ikizidi ukali inaunguza ngozi, ndiyo maana kingo za kidonda zilifunikwa kwa shashi yenye vaselini. Ikikaa kwenye mwanga inapungua nguvu. Na mpira usipofika chini kabisa, usaha unabaki na homa inarudi.

Nellie amelala Lijssenthoek, amezungukwa na wanaume zaidi ya 10,000. Mawe ya huko ni ya kipimo kimoja, kimo inchi 32 na upana 15, la jenerali na la kuruta sawasawa. Juu yake jina, cheo, kikosi na tarehe. Familia ziliruhusiwa kuongeza maneno yasiyozidi herufi 66, kwa peni tatu na nusu kila herufi. Ukilitafuta jina lake kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, unaonyeshwa mpaka safu aliyolala.

Kwetu vita hivyohivyo, tunavyoviita Vita vya Mjerumani, vilipiga hodi Ras Kazone, Tanga, Novemba 1914, vikaendelea miaka minne. Wapagazi, wabeba machela na madresa wa Kiafrika waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia kuliko risasi. Unga haukusagwa vizuri, nafasi ya kuupika mpaka uive haikuwepo, matumbo yakaharibika. Makaburi yao yaliachwa yamezwe na pori. Aprili 2021 tume ileile ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, na huenda wakafika 350,000. Kukiri huko kumechelewa mno.

Najua nyumbani nitajibiwa kwamba sisi tunasoma hitima, na mjukuu anarithi jina la babu, wakati huku jiwe linang'aa bila wa kulisomea Yasini. Ni kweli, na hilo sitaki libadilike. Ila hitima husomewa anayetajwa. Kizazi cha nne kikishika nafasi, nani atamtaja dresa aliyefia njiani?

Basi wenye wazee Ngamiani, Pangani na Muheza, anzeni. Andikeni jina, jina la baba na la babu, kijiji alikotoka, kazi aliyofanya, alikofia, na nani kasimulia. Mzee msimuulize mwaka, hataukumbuka. Muulizeni nani alizaliwa wakati huo, au kama ni kabla ya homa kubwa ya mafua ya 1918. Wakitofautiana wawili, andikeni kauli zote mbili. Tumieni penseli, maana unyevu wa pwani hutawanya wino. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine apewe imamu au padri, asome majina hayo kabla ya dua.