Tuktuk Inachakaa, Deni Halichakai

Wahasibu na wenye biashara ndogo wa Mombasa hubishana kila mara juu ya jambo moja. Mwenye tuktuk au friza ya samaki, je, anahitaji kuandika uchakavu wa mali yake, yaani thamani inayopotea kadiri inavyotumika, na kugawa madeni yake ya miaka (ya mwaka huu kando, ya baadaye kando), au daftari la pesa zilizoingia na zilizotoka linamtosha? Mimi niko upande wa wahasibu, ingawa si kwa kila wanachodai.

Chukua tuktuk ya kubeba abiria kati ya Kongowea na Bombolulu. Tuseme imenunuliwa kwa shilingi 500,000: akiba ya mwenyewe 140,000, na mkopo wa miaka mitatu 360,000. Dereva analeta hesabu ya 1,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Bima, vipuri na ada za kaunti zikila 6,000, zinabaki 20,000. Anayeziita zote faida anajidanganya. Anayetoa rejesho zima la benki, 10,000 za deni na 3,000 za riba, kisha akasema amepata faida ya 7,000, naye amekosea. Kulipa deni si gharama: pesa imetoka, lakini deni limepungua kwa kiasi hichohicho. Riba ndiyo gharama. Gharama nyingine, ambayo hakuna anayekuja kuidai mwisho wa mwezi, ni tuktuk yenyewe kuchakaa. Ikiwa itafanya kazi miaka mitano kisha iuzwe kwa 140,000, itakuwa imepoteza 360,000, yaani 6,000 kila mwezi. Basi faida ni 11,000, ingawa mkononi zimebaki 7,000. Namba ya kwanza inasema kama biashara inalipa. Ya pili inasema kama karo ya watoto itapatikana mwezi huu. Ukikosa mojawapo, unaamua gizani.

Wanaopinga wana hoja nzito kuliko wahasibu wengi wanavyokiri. Uchakavu ni makisio tu. Nani amesema tuktuk itafika miaka mitano? Hapa pwani hewa ya chumvi inaleta kutu mapema, na chombo kinacholala nje karibu na bahari hakizeeki sawa na kilichoko bara. Kuna pia suala la kodi. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka inaweza kulipa kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3, na kodi hiyo haitazami gharama yoyote. Uandike uchakavu usiandike, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, inachukua kilekile. Hata kwa anayelipa kodi ya mapato ya kawaida, KRA haipokei makisio yake ya uchakavu. Inatumia viwango vyake yenyewe. Isitoshe, kuandika 6,000 daftarini hakuweki hata shilingi moja kando, na siku ya kununua tuktuk mpya bei itakuwa imepanda.

Yote hayo nayakubali. Lakini tazama yanagonga wapi: yanagonga upande wa mali peke yake. Deni si makisio, limeandikwa na kutiwa sahihi. Reli mpya ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, na baadaye serikali ikaelekeza makontena ya kwenda bara yapandishwe treni, wenye malori wa Changamwe na Miritini walibaki na malori yaleyale, injini zilezile, kazi ikiwa imepungua. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2022. Katika kipindi hicho thamani ya lori ilishuka kwa uamuzi uliofanywa mbali na gereji, ilhali mkopo ulionunua lori haukushuka ila kwa kulipwa. Mwenye kuandika pande zote mbili angeweza kuona mapema kwamba deni linakaribia kuipita mali, akauza lori moja bei ingali nzuri. Mwenye daftari la pesa taslimu anaona pesa zinaingia, basi.

Ndiyo maana naona kugawa deni kuna maana kubwa kuliko hata uchakavu. Baada ya mwaka mmoja, mkopo wa tuktuk yetu umebaki 240,000. Kati yake, 120,000 zinadaiwa ndani ya miezi 12 ijayo na 120,000 baada ya hapo. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinazotumika Kenya zinakata hapohapo, kwenye miezi 12. Hakuna cha kukisia.

Palipo na ugumu wa kweli ni kwenye nyumba bila shamba. Katika mtaa wa Majengo na mitaa mingine ya Mombasa, mtu hujenga juu ya ardhi ya mwingine na kumlipa kodi ya ardhi. Kitabu kinasema ardhi haichakai, lakini ardhi hii si yako, haifai kuonekana kama mali yako kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni yako. Iliyo yako ni nyumba, na umri wake kihesabu hauamuliwi na kuta peke yake. Kuta zinaweza kusimama miaka 50. Makubaliano na mwenye shamba yakiwa ya miaka 10, gharama yote ya nyumba yako inatakiwa igawanywe kwa 10, isipokuwa una sababu ya kweli ya kuamini yatarefushwa. Wengi huandika thamani ya nyumba kana kwamba kiwanja kimo ndani, kisha wanakopa wakitegemea thamani hiyo. Hapo naogopa.

Hesabu ya namna hii si ngeni hapa. Mfanyabiashara Mwislamu wa soko la Marikiti anayetoa zaka anajua kwamba bidhaa za kuuza zinatolewa asilimia 2.5, lakini rafu, mizani na gari la kazi havimo. Wapo pia wanazuoni wa zama hizi wanaosema kwamba katika deni la miaka mingi, kinachopunguzwa kwenye mali ya kutolewa zaka ni kile kinachodaiwa mwaka huo tu. Siku hiyohiyo ya zaka, daftari likiwa wazi, anaweza kuongeza mistari miwili: chombo kina thamani gani leo, na deni lililobaki ni kiasi gani, la mwaka huu likiwa peke yake.