Slaidi za Trela la Kambi: Mota ya Umeme au Haidroliki?

Anayenunua trela la kupigia kambi hukutana mapema na swali la slaidi, yaani ile sehemu ya ukuta inayotoka nje kama droo trela likishaegeshwa, ikaongeza nafasi ya kukaa au kulala. Isukumwe na mota ya umeme au na haidroliki, yaani mafuta yanayosukumwa kwa presha? Wauzaji hujibu kwa mkato: umeme ni mwepesi, haidroliki ina nguvu. Si uongo, ila jibu hilo halimsaidii mtu kuchagua, kwa kuwa limeficha mambo mawili. Kwanza, haidroliki nayo inategemea umeme: pampu yake huzungushwa na mota ya volti 12, kwa hiyo betri ikifa mifumo yote miwili imelala. Pili, huo "umeme" si mfumo mmoja. Ipo mitatu inayotumika sana, na hitilafu zake hazifanani hata kidogo.

Mkongwe kati ya hiyo mitatu ni ule wa reli za meno chini ya sakafu. Mihimili miwili ya chuma yenye meno hupita kwenye chasisi, gia ndogo huisukuma, na shafti moja huziunganisha gia za pande zote mbili ili zizunguke pamoja. Mota ni moja tu. Ni mfumo mzito, na unakula nafasi ambayo ingekaa tangi la maji, lakini una sifa moja kubwa: ukikorofisha, unaonekana. Ingia chini na tochi, mwenzako abonyeze swichi, utaona kinachozunguka na kisichozunguka. Matrela mengi ya aina hii yana pini kati ya mota na shafti, iliyowekwa makusudi ikatike slaidi inapokwama ili gia zisalimike. Pini ikikatika, mota inalia lakini slaidi haisogei, au upande mmoja unatoka huku mwingine umebaki. Weka pini nyingine ya ugumu uleule. Wapo wanaochomeka bolti ngumu ili wasirudi chini tena. Wanachofanya ni kuhamisha mahali pa kuvunjikia, na safari hii litakalokatika ni jino la gia.

Mfumo wa pili umefichwa ukutani. Unaojulikana zaidi ni Schwintek. Kila ubavu wa slaidi una reli nyembamba za alumini, juu na chini, na kila upande una mota yake ndogo iliyosimama wima ndani ya ukuta. Hakuna shafti inayoziunganisha mota hizo mbili. Kinachozifanya ziende sawa ni kompyuta ndogo inayohesabu mizunguko ya kila mota kupitia sensa. Watengenezaji wanaupenda kwa sababu ni mwepesi na hauchukui chochote chini ya sakafu. Udhaifu wake unatoka hapohapo: upande mmoja ukibeba mzigo zaidi, tuseme kabati limejaa vyombo au trela limeinama, mota ya upande huo inabaki nyuma, hesabu inapotea, na slaidi inakwenda mshazari. Mtumiaji naye huongeza tatizo kwa kuachia swichi katikati, kurudisha kidogo, kisha kuachia tena. Mfumo huu unataka kidole kikae kwenye swichi mpaka mota zijizime zenyewe mwisho wa mwendo, kwa kuwa hapo ndipo kompyuta inapopata upya mahali pa kuanzia kuhesabu. Nusu ya lawama unazozisikia juu yake, naona, zingeisha kwa hilo tu.

Wa tatu ni wa kebo. Mota moja huvuta minyororo iliyoungwa na kebo za chuma, nazo hupita kwenye kapi hadi kona nne za slaidi. Kwa sababu kila kona inavutwa, slaidi husogea kwa usawa. Kebo hulegea kadiri zinavyotumika, nazo hukazwa kwa nati zake kidogo kidogo huku ukilinganisha kona na kona. Ukiona nyuzi zimeanza kuchanika, badilisha kebo hiyo kabla ya safari, maana ikikatika kona moja inabaki nje wakati nyingine tatu zinaingia.

Sasa haidroliki. Vifaa vyake ni tangi dogo la mafuta, pampu, vali, mipira ya presha na silinda. Mafuta ni yale ya gia otomatiki, ATF, mara nyingi ya daraja la Dexron III, na rangi yake nyekundu ni msaada mkubwa: tone moja kwenye chasisi linakuonyesha pa kuanzia. Presha inaweza kupita psi 2,000 (paundi kwa kila inchi ya mraba), ndiyo maana silinda nyembamba inasukuma bila taabu slaidi iliyobeba jokofu, jiko na sinki. Kwa sababu ya presha hiyohiyo, usitafute uvujaji kwa kupapasa mpira na mkono. Mchirizi mwembamba usioonekana unaweza kupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la hospitali hata kama tundu lake ni dogo kama la sindano. Pitisha kipande cha kadibodi, kitalowa mahali panapovuja.

Watu hutaja nguvu kuwa faida kuu ya haidroliki. Kwa slaidi moja ya kabati au kochi, nguvu hiyo ni ya bure. Mota ya kawaida inaitosha. Faida ninayoiona nzito zaidi ni kwamba pampu moja inahudumia kila kitu. Kama trela tayari lina jeki za haidroliki za kulisawazisha, kila slaidi inayoongezwa kiwandani inahitaji silinda, mipira na vali tu, basi. Slaidi tatu za umeme zina mota tatu, nyaya tatu na pengine kompyuta tatu.

Ila faida hiyo ina gharama yake. Pampu ikigoma, slaidi zote zimekwama na jeki zimekwama nazo, wakati kwenye umeme mota moja ikiungua nyingine zinaendelea kufanya kazi. Pia mafuta hufuata njia nyepesi. Slaidi kadhaa zikiwa kwenye laini moja bila vali za kuzitenganisha, nyepesi hutoka kwanza na yenye jiko hutoka mwisho, na katikati kila kitu kinaweza kuonekana kimesimama. Mgeni hudhani pameharibika, akaachia swichi. Si hitilafu. Endelea kushikilia, na slaidi ya mwisho ikifika kikomo ongeza sekunde 3 au 4 ili presha ijae nyuma ya pistoni, maana ndiyo inayoibana slaidi kwenye mipira yake ya kuzuia maji.

Tatizo la haidroliki ambalo wauzaji hawalitaji ni slaidi kutambaa. Sili ya pistoni ikichakaa, au vali ikishindwa kufunga vizuri kwa sababu ya uchafu, mafuta hupenya polepole na slaidi huanza kutoka yenyewe. Ukiwa umeegesha ni kero: mpira unaachia na mvua inaingia. Barabarani ni hatari, kwa sababu trela linapanuka ubavuni na dereva hana habari. Mfumo wa reli za meno hautambai namna hiyo, kwa kuwa mota yenye breki huzishika gia. Kwa anayesafiri masafa marefu kwenye barabara mbovu, hoja hii pekee inatosha kumfanya afikirie mara mbili.

Kwenye ulaji wa umeme pengo ni kubwa. Slaidi ya mota kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 30. Pampu ya haidroliki inaweza kuvuta karibu ampea 100 ikiwa na mzigo, kwa hiyo inahitaji kebo nene, rilei nzito na betri yenye afya. Baridi inaongeza uzito: mafuta yanakuwa mazito, pampu inavuta umeme zaidi, na betri yenyewe wakati huo imepungua nguvu. Mota nyingi, za pampu na za slaidi, hubadilishwa bila kosa. Kabla ya kununua mpya, weka mita kwenye teminali za mota wakati slaidi inasogea, kisha pima kwenye betri wakati huohuo. Betri ikisoma 12.2 na mota ikisoma 10.8, mota haina hatia; volti imepotelea njiani, na mara nyingi njia hiyo ni bolti ya athi yenye kutu kwenye chasisi. Isugue kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, pima tena.

Kisha kuna lile swali la usiku wa manane: umeme umekata na slaidi iko nje. Reli za meno ndizo zenye jibu jepesi. Achia breki ya mota, vika soketi au hendeli kwenye ncha ya pembe sita, zungusha. Haidroliki nayo inakubali: pampu nyingi zina tundu mwishoni mwa mota, chini ya kifuniko au kibandiko, ambapo unaingiza biti ya drili, baada ya kufungua vali ya slaidi kwa spana ndogo ya alen. Inachukua muda na inamaliza chaji ya drili, hivyo betri ya akiba ya drili ni sehemu ya vifaa vya safari. Usisahau kufunga vali hizo baadaye, la sivyo utakuwa umejitengenezea slaidi ya kutambaa. Schwintek inataka watu. Kwanza jaribu hali yake ya dharura: bonyeza kitufe cha kompyuta haraka mara 6, cha 7 ukishikilie kama sekunde 5 hadi taa ziwake kwa kumeta, kisha tumia swichi kama kawaida huku ukiangalia pande zote mbili. Ikishindikana, chomoa plagi za mota na muisukume slaidi kwa usawa, mtu kila upande, kisha muifunge kwa nguvu kabla ya kuondoka.

Hukumu yangu, basi, haiko kati ya umeme na haidroliki moja kwa moja. Kwa slaidi moja au mbili za wastani, chagua umeme wa reli za meno chini ya sakafu, hata kama trela litazidi uzito kidogo. Kwa slaidi tatu au zaidi, mojawapo ikiwa na jiko na jokofu, na jeki za haidroliki zipo, chukua haidroliki na ujifunze vali zake. Mfumo wa ukutani uache kwenye slaidi fupi na nyepesi. Ukiukuta umebebeshwa jiko zima, uliza maswali zaidi. Na usimsikilize anayekushawishi ubadilishe mfumo baada ya kununua. Chasisi, matundu ya ukuta na sakafu vilikatwa kwa ajili ya mfumo wa awali, na kazi hiyo hula fedha nyingi kuliko tofauti ya bei kati ya trela na trela.

Matunzo hayatofautiani sana. Kwa mifumo yote, trela lisawazishwe kwa pimamaji kabla ya kugusa swichi. Mipira ya ukingoni ipakwe dawa ya mpira isiyo na petroli. Meno ya reli yapate kilainishi kikavu, maana grisi hushika mchanga na mchanga husaga meno. Kwa haidroliki, pima mafuta slaidi na jeki zote zikiwa zimeingia. Zikiwa nje, sehemu ya mafuta iko ndani ya silinda, na ukijaza tangi wakati huo yatafurika utakaporudisha. Mafuta yakitoa povu, hewa imeingia: toa na rudisha slaidi mara kadhaa, ukiacha mapumziko katikati ili mapovu yapande.

Kwa trela lililotumika, omba umeme wa nje uchomolewe, kisha slaidi zitoke na kuingia kwa betri pekee mara 2. Kwenye umeme, simama nje uangalie kama kingo zote mbili zinaondoka na kufika pamoja. Kwenye haidroliki, angalia fimbo za silinda: mkwaruzo unaoushika kwa ukucha utakata sili, ikiwa haujakata tayari. Halafu ingiza slaidi zote, bandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kikipita juu ya ukingo wa slaidi na ukuta, chora mstari kwa kalamu, ukate kipande hicho pale ukingo unapokutana na ukuta. Rudi kesho yake. Mstari ukiwa umeachana hata kwa milimita 5, bei hiyo haina silinda wala vali mpya ndani yake, na muuzaji anapaswa kujua kwamba umeona.