Nani Athibitishe Kwamba Friji Ilikuwa Mbovu?

Mashine yangu ya kufulia iliharibika mwezi wa nne baada ya kuinunua, hapa Leeds ninakoishi. Mwaka uliofuata friji ya mama yangu, huko Likoni, Mombasa, iliacha kugandisha ikiwa na miezi mitatu tu, huku waranti yake ikiwa ya mwaka mzima. Maduka yote mawili yalikataa kutubadilishia. Naanza na hilo kwa sababu ndugu wengi nyumbani hudhani kwamba wafanyabiashara wa Uingereza ni waungwana kuliko wa kwetu, nami sikuuona uungwana huo.

Duka la Leeds liliniambia niwasiliane na kiwanda, eti waranti ni ya kiwanda. La Mombasa lilimwambia mama, "Hii imeunguzwa na stima, mama, na waranti haihusu stima." Nia ya majibu hayo ilikuwa moja, yaani mteja achoke aende zake. Tofauti ilikuwa katika kile ambacho kila mmoja wetu aliweza kujibu.

Mimi nilijibu kwa barua ya ukurasa mmoja. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 humwajibisha muuzaji, wala si kiwanda, kwa kuwa mkataba wa mnunuzi ni na yule aliyepokea fedha zake. Ndani ya siku 30 za mwanzo mnunuzi anaweza kurudisha bidhaa mbovu na kudai fedha zote. Baada ya hapo muuzaji hupewa nafasi moja ya kuitengeneza au kuibadilisha kwa gharama zake mwenyewe, na akishindwa, mnunuzi ana haki ya kuikataa au kupunguziwa bei. Lakini uzito wa barua yangu ulikuwa kwingine: kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6, sheria huchukulia kwamba ilikuwamo tangu siku ya makabidhiano, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Sikutakiwa kuleta fundi wala ripoti. Wiki ya pili nililetewa mashine mpya, na ile mbovu ikachukuliwa.

Mama aliambiwa alete ripoti ya fundi anayetambuliwa na duka, na fundi aliyetambuliwa alikuwa mwajiriwa wa duka lilo hilo. Aliponipigia simu aliniuliza, "Mwanangu, mimi nitajuaje kama ni stima au si stima? Wao ndio wenye mafundi." Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha dhuluma hii: anayetakiwa kuthibitisha ni yule asiye na ujuzi, asiye na vifaa na asiyejua friji ilihifadhiwaje ghalani kabla ya kufika kwake.

Si kweli kwamba Kenya haina sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 humfanya muuzaji awe amedhamini ubora huo hata asipotamka neno, na humzuia kuukwepa kwa masharti yake mwenyewe. Kwa hiyo yale maneno yanayochapishwa kwenye risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayafuti haki ya aliyeuziwa kitu kibovu, ingawa nimewaona watu wazima wenye elimu wakiyasoma na kuondoka kimya. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuyamaliza katika siku 60.

Tulichokosa ni ile miezi 6. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilifuata ile ya Uingereza ya 1893, na Waingereza wenyewe hawakuwa na kanuni hiyo mpaka mwaka 2003, walipoipokea kutoka Umoja wa Ulaya. Sisi tulibaki na kanuni ya jumla ya ushahidi, kwamba anayedai ndiye athibitishe, kanuni ambayo ni ya haki baina ya watu wawili walio sawa, lakini mbele ya kaunta ya duka humwacha mnunuzi mikono mitupu.

Wenye maduka watasema kwamba stima ya Pwani hupanda na kushuka, na kwamba wapo wanunuzi wanaochomeka friji bila kifaa cha kuikinga. Ni hoja ya kweli, nami siipuuzi. Hata hivyo, kanuni ninayoitetea haimfungi muuzaji mdomo: friji ikiwa imeungua kwa stima, fundi wake aifungue, aonyeshe sehemu iliyoungua, na dai liishe hapo. Ninachokataa ni neno "stima" kutamkwa kaunta bila mtu yeyote kuigusa friji yenyewe, kama alivyofanyiwa mama.

Dada yangu hatimaye alimlipa fundi wa mtaani akabadilisha kompresa, ambayo ndiyo iliyokuwa imekufa. Risiti mama bado anayo, na nimemwomba asiitupe, kwa sababu nikifika Desemba nakusudia kwenda naye mahakamani.