Shangazi Alivyopanda Mti Akiwa Minnesota

Shangazi yetu wa Minnesota alitoa masharti mapema: mahari ya binti yetu haitajadiliwa yeye akiwa hayupo, na hataki kuonyeshwa shughuli kwa simu. Mara ya mwisho, kwenye mazishi ya babu, binamu mmoja alishika simu akasahau ameishika, Shangazi akashinda anatazama tundu za pua. Safari hii alitaka kompyuta, iwekwe mezani, itulie, azione nyuso za wakwe wakitaja ng'ombe. Kwetu Waluhya shangazi wa upande wa baba hapuuzwi kwenye jambo kama hilo, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi ninayekaa Kisumu na ndimi mwenye laptopu.

Laptopu yenyewe ni mtumba. Nilipoinunua ilikuwa na Windows, na ukiiwasha ulikuwa unaweza kuinjika maharagwe makavu ukayaepua ndipo ikuulize nywila. Nikaitoa nikaweka Linux, mfumo alioanzisha Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991 na ambao tangu hapo watu wa dunia nzima wanauandika na kuugawa bure. Mashine ikapata ujana mpya. Ila kadi ya Wi-Fi. Kadi iliyomo ni ya ukoo ambao watengenezaji wake walikalia siri ya draiva, yaani programu inayoiwezesha kadi kuelewana na mfumo, miaka mingi. Mwaka 2010 walifungua msimbo, lakini kwa kadi zao za kizazi kipya. Yangu ilibaki nje ya mlango na wazee wenzake.

Kadi hiyo inaendeshwa na draiva iitwayo wl. Nusu yake imefungwa, hakuna wa nje anayejua mna nini ndani. Nusu nyingine ni ganda jembamba linalopaswa kujengwa upya kila keneli, yaani kiini cha mfumo, inapobadilika. Kazi hiyo inafanywa kimyakimya na programu inayoitwa DKMS, ambayo nayo haiwezi kujenga chochote bila faili za heda, yaani ramani za keneli ileile mpya. Heda zikikosekana, DKMS inalalamika kwa mstari mmoja katikati ya maandishi yanayokimbia kama kawaida, kisha kila kitu kinaendelea.

Ijumaa usiku, nyumbani kwangu Manyatta, nikaona heri mashine iende kwa wakwe ikiwa imekoga. Nikaisasisha. Sehemu ya /boot, ambako keneli hukaa, ilikuwa imejaa, nikafuta keneli ya zamani kupata nafasi ya mpya. Hakuna mtu wa Linux atakayenilaumu kwa hilo, na asiye wa Linux hana la kusema. Wi-Fi iliendelea kufanya kazi vizuri kabisa, maana moduli, yaani draiva yenyewe, iliyokuwa kwenye kumbukumbu ilikuwa bado ni ya zamani. Nikazima, nikapiga viatu rangi, nikalala usingizi wa mtu aliyejipanga.

Jumamosi nikapanda matatu ya Kakamega, nikashuka Khayega, nikaingia bomani kukiwa kumeshasimamishwa hema na kuku wanakimbizwa. Nikaiweka laptopu mezani, juu ya kitambaa cheupe. Nikaiwasha. Pale pembeni ambapo huwa kuna alama ya Wi-Fi hapakuwa na kitu.

Nikaandika lspci. Kadi ipo, inaonekana kwa jina na namba. Nikaandika rfkill list kuona kama kuna swichi iliyoizima. Wapi! Nikaiamuru mashine ipakie wl, ikanijibu kwamba moduli ya jina hilo haimo kwenye folda ya keneli hii. Hapo nikaelewa. Dawa ilikuwa kupakua heda, na heda ziko kwenye intaneti, na intaneti ilikuwa upande wa pili wa kadi ambayo haiwezi kufanya kazi bila heda.

Habari zikaenea boma zima. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alinisikia nikinung'unika kwamba draiva haipo.

"Draiva hayupo? Si ulikuja na matatu?"

"Draiva ya Wi-Fi, Baba mdogo."

"Huyo naye anatokea wapi? Mpigie simu, wageni wameshapita Chavakali."

Kukhu, nyanya yetu, akatoka jikoni kuuliza kama nimeinunulia bando. Mpwa wangu wa kidato cha tatu, anayesoma somo la kompyuta, akaitazama skrini mikono ikiwa nyuma, akatamka kwamba dawa ni kurudisha Windows. Kila ukoo unaye mtoto huyu.

Sasa lazima nieleze kuhusu mti wa avokado. Boma letu liko bondeni, na mtandao wa simu unashika mahali pamoja tu: kwenye matawi ya mti huo, kimo cha mtu mzima aliyesimama juu ya kiti, halafu juu zaidi. Vijana wamepigilia kopo tupu la mafuta ya kupikia kwenye tawi. Unaweka simu humo, unaendelea na shughuli zako, ujumbe ukiingia simu inatetemeka kwenye bati na mbwa wanabweka. Mpango wangu wa awali ulikuwa simu ikae kopoani ikirusha hotspot, laptopu ikae hemani juu ya kitambaa chake, Shangazi atulie. Mashine haina Bluetooth. Kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kilikuwa Manyatta, kwenye droo ya vijiko.

Lakini Linux ina wema mmoja. Ukichomeka simu kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe intaneti, keneli inaitambua palepale, inaiita usb0, na haiombi draiva ya mtu yeyote. Nikapanda kiti, nikajaribu. Ikakubali mara moja. Kilichobaki ni waya. Ulikuwa waya wa chaji, urefu wa mkono wa mtoto. Simu ikishuka mtandao unakatika, kwa hiyo laptopu ikapanda. Laptopu haiwezi kukaa mtini peke yake, kwa hiyo nami nikapanda, na suti yangu, na viatu vyangu.

Nia yangu ilikuwa nikae huko dakika chache, nipakue heda, DKMS ijenge, nishuke kama binadamu. Nikafungua Zoom kwanza nimwombe Shangazi subira. Alikuwa ameshaingia, amevaa kilemba, ameketi wima.

"Usithubutu kukata," akasema. "Hapa ni saa nane usiku, theluji imefika dirishani na kesho nina zamu. Nionyeshe wageni."

Wageni walikuwa wanapita langoni wakati huohuo.

Spika ya laptopu haiwezi kusikika hata na aliyeishika, kwa hiyo vijana wakaleta ile ya kanisa. Waya wa sauti nao ukawa mfupi. Wakaifunga spika kwa kamba ya ng'ombe kwenye tawi la chini yangu, ikining'inia inatazama hema. Hivyo ndivyo Shangazi alivyohudhuria mahari: kutoka juu. Nilipoinamisha skrini alichoona ni vipara, kofia na vilemba.

"Huyo mwenye kofia ya manyoya ndiye baba wa kijana?"

"Ndiye, Shangazi."

"Mbona sioni uso wake?"

"Atatazama juu wakati wa maombi."

Hakutazama. Wakwe zetu ni Wajaluo wa Seme, watu wa adabu, na walikuwa na jagam, mshenga wao, mzee mwembamba aliyezungumza kana kwamba kila neno analitoa kwenye akiba. Baba mdogo alitaja ng'ombe 12. Jagam akatabasamu, akasifu mandhari, akasifu barabara ya Khayega, akasema 5. Baba mdogo akasimulia elimu ya binti tangu chekechea. Jagam akasema binti huyo ana thamani kuliko ng'ombe wote wa ziwa zima, ndiyo maana hawawezi hata kujaribu kumlipa, kwa hiyo 6. Walikuwa wanafurahia. Mimi sisimizi walikuwa wameshaufahamu mlango wa suruali.

Kisha jagam akaomba wageni watoke kidogo wakashauriane. Kwa kawaida wageni huenda nyuma ya nyumba. Lakini ilikuwa saa sita na nusu ya Desemba, jua limekaza, na kivuli kizuri bomani kilikuwa kimoja. Wakaja wote, jagam, baba wa kijana, wajomba wawili, wakasimama chini ya avokado, chini yangu, wakaweka vichwa pamoja.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kukohoa. Lakini mimi ni mtu wa upande wa bibi harusi, sikukohoa.

Wakaongea Kijaluo, taratibu. Kijaluo changu ni cha soko la Kibuye: bei, samaki na salamu. Nilishika neno ng'ombe, dhok, nikashika ochiko, ambalo ni 9, nikashika abiriyo, ambalo ni 7, na nikaona jagam akielekeza kidole jikoni. Nikashuku. Shangazi hakuhitaji kushuku. Kabla ya Marekani alifundisha shule ya msingi Ahero, akafundisha watoto ambao leo ni mababu, na kipaza sauti cha laptopu yangu, nawashukuru waliokiandikia draiva ya wazi, kinafanya kazi vizuri ajabu.

"OCHIKO!"

Sauti ilitoka kwenye spika ya kanisa, inchi chache juu ya kofia ya manyoya. Kofia ikaenda upande wake, mwenyewe upande wake. Mjomba mmoja akaita "Nyasaye!" na kukumbatia shina la mti. Yule mwingine tulimwona tena baadaye, kwenye migomba.

Shangazi hakuwapa nafasi. Kwa Kijaluo cha mwalimu wa zamu akawaambia asewinjo, ameshasikia. Amesikia kwamba wana pesa za ng'ombe 9. Amesikia pia ushauri wa kushikilia 7 mpaka harufu ya kuku iwalegeze wenyeji. Akasema kuku wa kaka yake hatumiki kama karata. Jagam peke yake ndiye hakukimbia. Alisimama akiinua macho polepole, akipita spika, akipita kamba ya ng'ombe, mpaka akafika kwenye viatu vyangu.

"Mulembe, Mzee," nikasema.

Hakuitikia.

Hemani hakuna aliyeelewa. Walisikia mtu akipiga kelele "Ochiko!" kwa nguvu, wakadhani Shangazi anasalimia wakwe kwa lugha yao, kina mama wakapiga vigelegele. Wageni waliporudi, wamepungukiwa mjomba mmoja, jagam alisema 9 kabla hajaketi. Baba mdogo alikuwa na hotuba nyingine nzima mfukoni, imeandikwa kwa wino mwekundu, kuhusu gharama za chuo. Alibaki ameishika mkononi. Ilibidi asifu ukarimu wa watu wa Seme papo kwa papo, na alijitahidi, lakini ulimwona mtu aliyedhulumiwa mchezo.

Muda mfupi baadaye simu ikachemka kopoani ikazima, Shangazi akagandia kwenye skrini mdomo ukiwa wazi. Nikashushwa. Kwenye chakula kukazuka mjadala wa nani apewe firigisi. Baba mdogo alidai ni yake kama msemaji. Kukhu akasema mazungumzo yote aliyamaliza binti yake, tena kwa neno moja. Ikaamuliwa iwekwe pembeni kwa heshima ya Shangazi, na ikiwa pembeni yule mpwa wangu wa Windows akaila.

Jioni, wageni wakiaga, nilichaji simu nikapanda tena kumalizia kazi yangu. Nikaagiza kifurushi cha linux-headers-generic. Kikashuka kwa mwendo wa konokono, DKMS ikaamka, ikajenga ganda lake bila neno, nikapakia wl, na alama ya Wi-Fi ikajitokeza pembeni ikiwa na tabasamu la mwanasiasa. Nikashuka na laptopu mpaka mezani. Hotspot ikakamata hema zima, jikoni, hata bandani kwa ng'ombe. Viti vilikuwa vinakunjwa.

Jagam ndiye alikuwa wa mwisho kwenye gari. Alimshika Baba mdogo mkono, akamwambia ziara ya kurudisha heshima itakuwa kwao Seme, mwezi wa nne, na watu wote wa boma hili wamealikwa. Shangazi naye amealikwa, walete hata hiyo kompyuta. Kisha akanitazama.

"Ila huyu kijana," akasema, "ataketi chini. Kiti cha mbele, karibu nami."