Mtafutie Mkutano Kabla Hajakuambia Yuko Tayari

Mtu aliyezama kwenye pombe husema "nataka kuacha" mara chache sana, na akilisema huwa ni asubuhi, mikono ikitetemeka, kabla hajatoka kwenda kuzimua. Neno hilo aghalabu halifiki jioni. Ukianza saa hiyo kuulizia kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe kiko wapi, utakapopata jibu ameshakunywa. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kutafuta mkutano tusimwachie mlevi. Ifanywe na mke, kaka, rafiki au hata mkubwa wake wa kazi, tena mapema, wakati mwenyewe bado anabisha kwamba hana shida.

Jijini Nairobi mikutano ya Alcoholics Anonymous, chama cha vikundi vya namna hiyo, ipo, na tuichukue hiyo iwe mfano. Chama hiki kilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, na mpaka leo hakitozi ada wala hakina fomu ya kujiunga. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, lakini mgeni hadaiwi kitu. Majina hutajwa la kwanza tu.

Ratiba utaipata kwenye intaneti, lakini usimpe mgonjwa kabla ya kuihakiki. Vikundi huhama chumba, hubadilisha siku, na vingine hufa huku tangazo likibaki. Piga simu, kisha nenda mwenyewe siku ileile ya wiki, saa ileile. Angalia geti linaloingiwa ni lipi. Mikutano mingi hufanyika kwenye vyumba vya makanisa au kumbi za kukodi, na mlinzi anaweza kukujibu kwamba hapa hakuna kitu kama hicho kwa sababu yeye anakijua kama "wale wa Jumanne". Mtu aliyekusanya ujasiri wiki nzima akijibiwa hivyo getini, hageuki kuuliza mara ya pili. Anavuka barabara na kuingia baa.

Saa nazo zina mtego wake. Ratiba huandikwa 6:30 p.m., nawe kwa mdomo utasema saa kumi na mbili na nusu. Mwandikie yote mawili, na uweke neno "jioni". Tazama pia alama iliyo kando ya mkutano. O ni mkutano wa wazi, ambao hata wewe ndugu unaruhusiwa kuingia na kukaa naye. C ni wa wenye tatizo peke yao, na ukimsindikiza utaishia mlangoni. Kwa siku ya kwanza mimi ningechagua O.

Uliza lugha. Mtu anayewaza kwa Kiswahili hawezi kutoa ya moyoni kwa Kiingereza mbele ya wageni, atakaa kimya na kusema hakupaona kwake. Uliza kama wanawake huhudhuria, ikiwa unayemtafutia ni mwanamke. Na Mwislamu anayesita kwa kuwa chumba ni cha kanisa aelezwe mapema: kikundi kinapanga tu hapo, chama hakifungamani na dini yoyote, na "Mungu" anayetajwa katika Hatua 12, mwongozo wa chama wa kuacha pombe, ni kama kila mtu anavyomjua mwenyewe.

Hapa lazima nisimame. Anayekunywa kila siku tangu asubuhi, iwe chang'aa, gongo au bia, asiachishwe ghafla nyumbani ili awe msafi siku ya mkutano. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza ndani ya saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege laweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kwa kuona visivyopo hufuata siku ya pili hadi ya nne. Watu hufa kwa hali hii. Apelekwe hospitali kwanza, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1 chini ya uangalizi. Kumfungia chumbani na uji hakutoshi, hata kama mnampenda vipi.

Asipopenda mkutano wa kwanza, hilo ni jambo la kawaida. Kila kikundi kina tabia yake, kimoja kina wazee wengi, kingine ni cha kusoma kitabu kwa zamu. Ahudhurie vitatu vinne tofauti kabla ya kuamua. Kwa hiyo usimtafutie anwani moja, mtafutie tatu, na njia ya matatu isiyopita mbele ya baa yake. Kama mko mbali na mji, ipo mikutano ya Zoom, bando likiwepo. Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure. Tanzania, piga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambako huduma yao kuu ni kwa wa dawa za kulevya.

Siku hiyo ya kwanza asiondoke mara tu sala ya mwisho inapoisha. Zile dakika 10 za chai, viti vya plastiki vikipangwa, ndipo watu huandikiana namba. Aondoke na mbili au tatu za watu wa jinsia yake waliokaa miaka kadhaa bila kunywa, na ampigie mmoja wao usiku uleule, akiwa bado hajataka kunywa, ili siku atakayotaka kunywa asione haya kupiga.