Mtoto wa Wete anamuuliza simu habari za karafuu

Mpe mtoto wa Wete, kisiwani Pemba, insha juu ya msimu wa karafuu siku hizi, utaletewa kurasa mbili safi zilizoandikwa na simu, zinazosema kuwa karafuu ni "zao muhimu lenye mchango mkubwa katika maendeleo ya jamii". Hamna makonyo, vile vikonyo vinavyotengwa na karafuu, hamna jamvi la kuanikia, hamna mvua iliyoshuka ghafla watu wakakimbizana kuzoa karafuu zilizoanikwa. Na mtoto huyo huyo usiku wa jana kakaa na bibi yake anachambua karafuu mpaka usingizi umemchukua.

Mimi nasomesha, insha za namna hiyo nazipokea kwa mafungu. Wengi wanalalamikia udanganyifu wa mitihani. Hilo lina wasimamizi wake. Linaloniuma mimi ni mtoto kuona kuwa alichokishuhudia kwa macho yake hakifai kuandikwa.

Akili mnemba ya aina ya ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, imelishwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno gani lifuate. Lililoandikwa sana ndilo hutangulia. Kiswahili kilichomo ni kidogo ukikilinganisha na Kiingereza, na mambo ya uchambuaji karafuu uwani kwa watu nani kayaandika kwa wingi huo? Kwa hiyo mtoto anayeijua karafuu anakwenda kumuuliza asiyewahi kuinusa, kisha anaamini kuwa yule ndiye msomi.

Mwaka 2025 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watu 54 walioandika insha: wengine kwa ChatGPT, wengine kwa kutafuta kwenye intaneti, wengine kwa vichwa vyao tu. Ubongo wa wale wa ChatGPT ulionekana kujishughulisha kidogo kuliko wa wenzao, na wengi wao walishindwa kunukuu sawasawa hata sentensi moja ya insha waliyotoka kuiandika. Watu 54 ni wachache, basi tusiifanye hukumu. Ila darasani kwangu, muulize mwenye insha huo "mchango mkubwa" ni upi, anatazama chini.

Wapo wanaosema hata kikokotoo kilipokuja walimu walipiga kelele. Sawa. Lakini kikokotoo hakikuchagulii la kusema juu ya kwenu.

Na wakubwa tusijitoe, jamani. Risala za mahafali zimekuwa moja: mgeni rasmi anasomewa maneno yale yale Micheweni na Mkoani, na anapiga makofi.

Nimebadilisha utaratibu. Kabla ya kuandika, mwanafunzi anasimama, anaeleza jambo moja la karafuu analolijua yeye, na wenzake wanambishia. Juzi ugomvi ulikuwa wa mpeta, yaani karafuu isiyochumwa mpaka ikaiva mtini: mmoja anasema kwao huachwa mtini makusudi kwa ajili ya mbegu, mwengine anasema huo ni uvivu wa wachumaji tu. Kengele imelia, bado wanabishana. Baada ya hapo anayetaka simu na aitumie, maana sasa ana lake la kuipimia.

Mzazi mmoja alinijia akilalamika kuwa mtihani wa taifa hauulizi mpeta. Nikamwambia insha utauliza, na mwanawe ataingia chumbani bila ya simu.